Jiko la Wageni: Nyama Choma kutoka Soko la Ujiji hadi Njia Panda ya Mwandiga

Ukimuuliza Mtanzania nyama choma imetoka wapi, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: kwa Wamasai. Jibu hilo halina uongo mwingi, ila haliwezi kutueleza Mwandiga. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Kigoma uko kilomita chache kutoka Kigoma mjini, mahali ambapo lami inagawanyika: mkono mmoja unapanda Bitale na Kalinzi kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi, na mwingine unaelekea Kidahwe, Kasulu na bara. Si nchi ya Wamasai. Nyuma yake kuna vilima vya Waha, ambako ng'ombe alifungamanisha watu kabla hajawa kitoweo; mbele yake kuna ziwa la migebuka na dagaa. Hata hivyo jioni makaa yanawashwa, mbuzi ananing'inia kwenye kulabu, na watu wanakula nje ya nyumba zao kwa fedha yao. Hoja ya makala haya ni kwamba jiko hilo halikurithiwa zizini. Lilizaliwa njiani. Limetokana na haja ya watu wasiofahamiana kula mahali pamoja bila kulazimika kuaminiana sana, na historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika inalieleza hilo vizuri kuliko historia ya nyika za wafugaji.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo mazungumzo ya vijiweni huyachanganya. Kuchoma nyama ni jambo la kale mno na halina kabila. Kila aliyewahi kuwa na moto na mnyama amechoma. Kula nyama ya kuchoma mahali pa kulipia, ya mnyama aliyechinjwa na mtu usiyemjua, ukiwa umekaa ubavuni mwa mtu usiyemjua, hilo ni jambo jingine na umri wake ni mfupi. Wamasai wenyewe ni mashahidi. Orpul yao, ile kambi ya porini ambako wanaume hujitenga kwa siku kadhaa wakila nyama na kunywa supu ya mizizi, haiuziwi mpita njia. Mtu huingia kwa rika na kwa udugu, si kwa sababu ana hela mfukoni. Buha, nchi ya Waha, nako kulikuwa na mkataba wa ubugabire: mwenye mifugo humkabidhi mwenzake ng'ombe, naye hupata maziwa, samadi na heshima, huku akibaki na wajibu kwa mwenye mali. Kumchinja ng'ombe wa namna hiyo ili kumpimia msafiri nusu kilo kungekuwa kuvunja ujamaa mzima kwa ajili ya njaa ya mtu mmoja. Ndiyo kusema palipokuwa na ng'ombe wengi, hapo hapo ndipo hapakuwa na sababu ya kuwa na mgahawa wa nyama. Mtu ataniuliza: je, majirani hawakula pamoja mnyama alipochinjwa kwa sherehe? Walikula, tena wakashiba, lakini walikula kama majirani, na hakuna aliyetoa pesa.

Sasa tuteremke ziwani, kwenye mji wa misafara wa Ujiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika huko Februari 1858, na Burton akaandika habari za soko lake: uwanja uliofyekwa nyasi, watu wamesimama na wengine wamechuchumaa, wakiuziana tangu mnamo saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mara nyingine palikuwa na mbuzi, kondoo na kuku. Samaki, mboga na ndizi zilikuwa bidhaa za kila siku. Tembo la mchikichi lilikuwa bidhaa kubwa. Na mara mojamoja ilipitishwa pembe ya ndovu au mtumwa. Miaka 16 baadaye, Februari 1874, Mwingereza mwenzao Cameron alifika na kuona jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko pembe zote zilizopita pale. Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake ndogo, shanga zilizoitwa sofi, ambazo yeye alizifananisha na vipande vya kishina cha kiko kilichovunjika. Asubuhi soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walizitoa kwa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, walizirudisha mifukoni kutoka kwa wauzaji. Kwa maneno mengine, kila siku palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha chenji ipo.

Chenji ni jambo dogo ambalo wanahistoria wa misafara hulipita haraka, nao wanakosea. Mali ya msafara ilikuwa doti za merikani, koili za waya na mafrasila ya shanga, vitu vya kununulia pembe na kulipia hongo kwa watemi. Huwezi kukata doti ya kitambaa ili ununue samaki mmoja. Mahali ambapo mgeni anaweza kununua chakula cha saa hiyo, kiasi cha tumbo lake, lazima pawe na kipimo kidogo cha thamani ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakikubali ingawa hawana ujamaa wowote. Ujiji ilikuwa nacho miongo minne kabla ya reli. Nusu ya mgahawa ilikwisha kujengwa pale, japo hakuna aliyekuwa amepanga viti.

Lakini nisivuke mpaka: hakuna sababu ya kudai kwamba Ujiji ya wakati huo ilikuwa na mabanda ya nyama choma. Wapagazi walipewa posho, wakanunua vyakula vibichi, wakapika wenyewe makundi kwa makundi kambini. Mgeni mwenye hadhi hakuhitaji kulipia chakula kabisa. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, chakula cha siku hiyo kilitoka majumbani mwa wakubwa wa mji: Said bin Majid aliwaletea vitumbua vya nyama iliyokatwakatwa, Muhamadi bin Salih akaleta kuku wa mchuzi, na Mwinyi Heri nyama ya mbuzi kwa wali. Vyakula vyote vilikuja vimekwisha kupikwa, na hakuna aliyeuliza nyama imechinjwa na nani, kwa kuwa jina la aliyeleta lilitosha kuwa dhamana. Huo ndio ukarimu wa Kiswahili katika ubora wake, na ndio uliofanya mgahawa usihitajike. Mgahawa unahitajika pale ambapo mgeni hana Mwinyi Heri wake.

Wageni wa namna hiyo waliongezeka reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kituo, gati na karakana zilileta mafundi, makuli na makarani wenye mshahara, wasio na shamba wala shangazi hapa. Wabelgiji waliushika mji mwaka 1916 hadi 1921, na baada ya kuukabidhi kwa Waingereza wakabakiziwa eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na kwa hiyo gati likaendelea kuchanganya watu wa pande zote mbili za ziwa. Meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927, ilikuwa ikishusha abiria ambao walikuwa na haja ya kula kabla treni haijaondoka. Hoteli za chai na ugali zilitokana na hali hiyo katika miji yote ya reli. Nyama ya kuchoma kwenye mkaa ilikuja polepole, kwa kuwa ilihitaji jambo la tatu zaidi ya wageni na chenji: mnyama anayechinjwa kila siku, kwa hakika kwamba ataisha.

Hapo ndipo utaratibu wa jiko lenyewe unapostahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake umefichwa ushahidi wote. Katika baa na mabanda mengi ya Tanzania mteja haletewi orodha ya vyakula. Anakwenda kwenye kaunta ya nyama, anaangalia paja au ubavu uliotundikwa, ananyoosha kidole, "nikatie hapa, usiniwekee mfupa mwingi," nyama inawekwa kwenye mizani mbele ya macho yake, robo, nusu au kilo, ndipo inapokwenda kwenye wavu. Anasubiri. Pengine ananyanyuka mara mbili kwenda kuitazama, na mchomaji haoni vibaya. Ikiiva inakatwakatwa juu ya ubao, inakuja kwenye sinia na chumvi pembeni, pilipili, ndimu, kachumbari na ndizi choma, na watu watatu au wanne wanaila kwa mikono. Ukilinganisha na sahani ya Mwinyi Heri, kila kitu kimegeuzwa. Nyama inaonekana ikiwa mbichi, uzito wake unajulikana, moto uko wazi, na mkataji anakata mkiwa mnamtazama. Kila hatua ni jibu kwa shaka fulani: je, ni mbuzi kweli, ni wa leo, ni kilo kamili, ni ile niliyoichagua? Mchuzi hauwezi kujibu maswali hayo. Ndani ya mchuzi unaweza kuficha chochote.

Shaka hizo si za mzaha. Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara, na nani ameshika kisu ni swali la imani kabla ya kuwa swali la usafi. Dar es Salaam mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa, na Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mzozo kuhusu nani ana haki ya kuchinja ulifika hadi kumwaga damu ya binadamu. Jamii ambayo inaweza kufikia hapo kwa sababu ya machinjio haiwezi kukaa meza moja kwa kuaminiana tu. Inahitaji utaratibu. Jiko la wazi, lenye mchinjaji anayejulikana na muhuri wa bwana afya kwenye paja, ndilo utaratibu huo. Mkristo wa Kasulu, Mwislamu wa Ujiji na dereva wa lori kutoka Burundi wanaweza kula mbuzi mmoja bila kuulizana majina.

Kama hoja hii ni ya kweli, inapaswa kusimama hata mbali na Kigoma, na kipimo kizuri ni Korea, nchi ambayo leo inajulikana duniani kote kwa mgahawa wenye jiko katikati ya meza. Huko nako utaambiwa ni desturi ya kale. Ukweli ni kwamba chini ya wafalme wa Joseon kuchinja ng'ombe bila kibali kulipigwa marufuku mara kwa mara, kwa sababu ng'ombe alikuwa wa kulima, na wachinjaji, waliojulikana kama baekjeong, walikuwa tabaka la kudharauliwa hadi mageuzi ya 1894 yalipofuta daraja hilo kisheria. Mahali ambapo mbavu za ng'ombe za kuchoma, yaani galbi, zilipata jina kubwa ni Suwon, kusini ya Seoul, mji wenye ngome iliyojengwa kati ya 1794 na 1796 na wenye mnada wa ng'ombe uliokuwa miongoni mwa mikubwa nchini. Wauza ng'ombe na wanunuzi walikuja kutoka mbali, wakalala, wakala. Katikati ya karne ya 20 mgahawa wa Hwachunok ulikuwa unawauzia mbavu hizo juu ya mkaa, na sifa ya Suwon ikaanzia hapo. Hapa kwetu Msalato, Dodoma, watu hufunga safari kwenda kula nyama mnadani kwa sababu iyo hiyo. Wakorea waliobaki Japani baada ya vita nao walifungua majiko ya nyama mijini, Shokudoen ya Osaka mwaka 1946 ikiwa miongoni mwa ya mwanzo. Wageni wakiwauzia wenyeji walioshindwa vita chakula ambacho mnunuzi anakiona kikiwa kibichi. Na iko aina ya mgahawa wa Kikorea uliounganishwa na bucha: unanunua nyama kwa uzito dukani, kisha unalipia meza, moto na mboga. Mtu wa Mwandiga akipelekwa huko hatahitaji kuelezwa kitu, isipokuwa mkasi wa kukatia nyama.

Pingamizi la kwanza liko wazi. Mkorea anachoma mwenyewe, anageuza vipande kwa koleo huku akizungumza, ilhali kwetu yupo mchomaji, na wengine huona hapo tofauti ya ustaarabu mzima. Mimi naona tofauti ya hatua moja tu. Wakorea walimwondoa mpishi kabisa, wakamkabidhi mteja koleo. Sisi tulimwacha mpishi, tukamweka hadharani. Lengo ni lile lile, kwamba kati ya nyama mbichi na mdomo pasiwe na ukuta wa jikoni. Kilichowawezesha wao kuingiza moto ndani ya chumba ni vyuma, mabomba ya kuvutia moshi na baadaye gesi, mambo ya viwanda, si ya mila. Hata Wakorea waliofika Kigoma walikuja na mambo hayo hayo ya vyuma: kampuni ya Hanil ilijenga Daraja la Kikwete, lenye urefu wa mita 275, juu ya Mto Malagarasi wilayani Uvinza, kwa mkopo wa Korea Kusini. Hawakuja na galbi. Walileta njia, na njia ndiyo inayoleta walaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hii ni nchi ya samaki, nyama inatafuta nini? Ni kweli kwamba kitu cha fahari kwenye wavu wa Kigoma ni mgebuka, uliochanwa, ukapakwa chumvi na ndimu, ukaliwa na ugali wa muhogo. Lakini samaki hapingi hoja, anaithibitisha. Mgebuka uo huo ukivuka mpaka unaitwa mukeke, na migahawa ya Bujumbura huutukuza. Pande zote mbili unachomwa mzima, jicho na mkia vikionekana, na mteja huchagua wake. Mvuvi aliye nyumbani hula mgebuka wa mawese kwenye chungu. Anayekula wa kuchoma kwa kununua ni yule aliyeko mwaloni Kibirizi akisubiri boti, au mjini akisubiri basi. Samaki akapikwa kwa namna mbili, na namna ya moto wa wazi ndiyo iliyokwenda kwa wageni. Zaidi ya hayo samaki ana msimu na ana sheria: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa. Njia panda haiwezi kufungwa miezi mitatu. Mbuzi anayeteremka kutoka milimani anajaza nafasi hiyo, hasa kwa kuwa Mwandiga iko juu kidogo ya ziwa na samaki wake lazima wapandishwe.

La tatu husemwa kwa dharau kidogo, kwamba kula nje ni starehe ya wenye nacho na Kigoma si mkoa wa wenye nacho. Anayesema hivyo anawaza kilo. Aangalie mishikaki. Vipande vitano au sita vya nyama kwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, vinauzwa kijiti kimoja kimoja, na spoku inarudi kwa muuzaji ukimaliza ili ichomekwe tena. Hiyo ndiyo sofi ya zama hizi: kipimo kidogo kiasi kwamba kuli wa sokoni anaweza kula nyama leo bila kusubiri Idi. Burundi wanaiita brosheti na wanaila na ndizi. Aliyesafiri Bujumbura na kurudi kwa barabara ya Manyovu hawezi kusema mtindo ulianzia upande upi, na sioni faida ya kugombania.

Mwandiga yenyewe iliingia katika historia hii kwa kuchelewa, lakini kwa kishindo. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilihamisha watu kutoka kwenye miji yao ya vilimani na kuwapanga katika vijiji, vingi kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza maelfu ya Waha wakajikuta ni majirani wa watu ambao si ukoo wao. Sera hiyo ilikuwa na machungu yake, na siitetei. Nasema tu kwamba iliongeza wasiofahamiana. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi, wa 1972, wa 1993 na wa 2015, wale wa mwisho wakisombwa na Liemba kutoka Kagunga. Na wa Kongo tangu 1996, ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao. Nyuma yao walifuata madereva, wauguzi na maofisa wa mashirika, watu wenye posho ya safari na wasio na jiko. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilikuwa imelegezwa, na baa ya mtu binafsi ikaweza kununua bia na mbuzi bila kupitia dirisha la ushirika. Lami ya kilomita 60 kutoka Mwandiga hadi Manyovu ilipokamilika, soko la Mwandiga likawa mahali ambapo maharage, ndizi na kahawa ya Kalinzi vinakutana na dagaa na mawese, na wenye mali hizo wanakutana wakiwa na njaa na fedha taslimu. Wageni, chenji, na mnyama wa kila siku: vitu vitatu vilivyokuwa vimetawanyika kwa miaka 150 vikakaa kwenye kona moja.

Ikiwa jiko linafuata njia, basi linaweza pia kuhamishwa na njia, na jaribio linakaribia. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tawi la kwenda Musongati nchini Burundi limepangwa kuanzia Uvinza. Mizigo ya Burundi ikipanda behewa, sehemu ya madereva wanaokula Mwandiga leo watakula Uvinza, au hawatakula kabisa njiani. Kwa upande wa mkaa, Serikali imekwisha kuzibana taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Wakorea wameonyesha kwamba jiko la wageni linaweza kuishi kwa gesi, mradi mteja aendelee kuiona nyama yake. Mchomaji wa Mwandiga naye ana kinga ambayo Uvinza haina: wakulima wa Bitale, Kalinzi na Mkigo hawasafirishi ndizi zao kwa reli, na wakishauza lazima wasubiri gari la kurudi mlimani, na gari haliondoki mpaka lijae.